Mwalo Wenu Uchague Lipi: Kufunga Ziwa, Kupima Samaki, Kutenga Mazalia au Kupunguza Mitumbwi?

Kikao cha BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi wa mwalo, kikifika kwenye ajenda ya "samaki wamepungua", mara nyingi ukumbi hugawanyika hata kabla mwenyekiti hajamaliza kuisoma. Wapo wanaotaka ziwa lifungwe. Wapo wanaosema kosa ni la wenye timba, nyavu haramu za uzi wa plastiki, na kokoro, wavu unaokokotwa mpaka ufukweni: washikwe hao, wengine waachwe wavue. Kina mama wa dagaa, ambao ndio watakaokaa bila mzigo, huulizwa mwisho, ikiwa muda bado upo. Kisha mikono inanyooshwa, kura zinahesabiwa, na mwalo unajikuta na sheria ambayo hakuna aliyeuliza inamfaa samaki gani.

Makala haya ni ya kusomwa kabla ya kunyoosha mikono. Nimezipanga njia nne zinazotumika katika maziwa yetu, kila moja kwa maswali yale yale: kufunga uvuvi kwa muda, kuweka kikomo cha ukubwa wa samaki, kutenga mazalia, na kupunguza idadi ya mitumbwi. Ya tano, ya kumpangia kila mvuvi idadi ya samaki wa siku, nimeigusa kwa ufupi. Ni ya Marekani zaidi kuliko ya kwetu, ila wenzetu wa kule wamejifunza kwayo mambo ambayo sisi tunayahitaji. Mtu akiniuliza ipi bora, nitamuuliza kwanza anavua nini.

Maswali manne ya kuuliza kila njia

La kwanza ni maisha ya samaki mwenyewe. Dagaa wa Ziwa Victoria hukomaa na kuzaa ndani ya mwaka wake wa kwanza, na si wengi wanaoishi muda mrefu baada ya hapo. Sangara jike huhitaji miaka kadhaa, na mara nyingi huwa amepita sentimita 60 ndipo awe mzazi. Sato dume huchimba kiota kwenye mchanga, maji ya kina kifupi, na jike hubeba mayai na watoto kinywani. Hao ni samaki watatu wa ziwa moja, na sheria moja haiwezi kuwagusa wote kwa namna ile ile.

La pili ni ulinzi. Je, kosa linaonekana kutoka ufukweni, mchana, na mtu asiye na boti? BMU nyingi zina ari, zina daftari na muhuri, lakini hazina mafuta ya doria. Sheria inayohitaji boti ya doria kila usiku itafanya kazi usiku ule tu ambao mafuta yamepatikana.

La tatu: nani anabeba gharama? Tajiri mwenye mitumbwi kumi, mvuvi kibarua asiye na wavu wake, mkaushaji mwenye chanja ya kuanikia dagaa, mchuuzi wa ndoo mbili. Sheria ile ile huwagusa tofauti kabisa. Na anayeumia kupita kiasi ndiye atakayeivunja kwanza, tena jirani zake watamficha.

La nne: inavujia wapi? Kila sheria ya uvuvi ina tundu lake. Afadhali mlijue kabla ya kuipitisha.

Kufunga kwa muda

Mifano iko karibu. Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, uvuvi wa omena, jina la dagaa kule, husimamishwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai. Kwenye Ziwa Tanganyika, nchi nne zinazolimiliki, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilikubaliana juu ya mapumziko ya miezi mitatu, na mwaka 2024 Tanzania ilifunga upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti.

Samaki. Hii ni njia ya samaki wa maisha mafupi. Miezi mitatu kwa dagaa ni sehemu kubwa ya umri wake. Aliyekuwa mchanga ziwa linapofungwa, siku ya kufunguliwa ameongeza mwili na pengine amekwishazaa. Kwa sababu hiyo hiyo imewafaa wavuvi wa pweza wa pwani. Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji wamekuwa wakifunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa, kisha wanaifungua wakakuta pweza wakubwa, maana pweza hukua upesi kuliko karibu kiumbe chochote tunachokula kutoka majini. Kwa sangara hesabu ni nyingine. Miezi mitatu ni kipande kidogo cha maisha yake. Mfungo utamsaidia ukiangukia wakati wa kuzaa, na hata hivyo watoto watakaozaliwa watahitaji sheria nyingine ya kuwalinda mwaka unaofuata na ule wa baada yake.

Ulinzi. Hapa njia hii inazishinda nyingine zote. Huhitaji rula, mizani wala kubishana juu ya tundu la wavu. Ziwa limefungwa, chombo chenye wavu na taa kikiwa majini kina makosa. Mwanafunzi wa darasa la tatu anaweza kuwa shahidi.

Gharama. Ni ya wote, ila haiwalemei sawa. Tajiri mwenye duka mjini atangoja. Kibarua anayelipwa kwa mgawo wa usiku hana cha kungojea, na mama mwenye chanja hana hata wavu wa kuuza. Kama mwalo wenu unafikiria kufunga, fungeni kwanza hesabu ya nani atakula nini mwezi wa pili. Mwezi wa kwanza watu huvumilia. Wa pili ndio unaovunja makubaliano. Vikoba vilivyowekwa akiba kwa ajili hiyo, mashamba ya mpunga au mahindi yanayoangukia msimu ule, au ruhusa ya ndoano kwa ajili ya mboga ya nyumbani, yote hayo huamua kama sheria itafika mwisho wake.

Inavujia wapi. Kwa majirani, kwanza. Kenya ina asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria. Tanzania ina 51 na Uganda 43. Omena akipumzishwa upande mmoja, mzigo unaweza kuingia sokoni kutoka pande nyingine, na samaki mwenyewe hajui mpaka. Ndiyo maana makubaliano ya Tanganyika yalihitaji nchi zote nne. Tundu la pili ni siku ya kufungua. Wavuvi wote hushuka kwa pamoja, taa zote zinawaka, na kilichokusanywa kwa miezi mitatu kinaweza kutolewa kwa wiki chache. Mfungo usiofuatana na sheria yoyote ya idadi ya vyombo huwa umeahirisha mavuno tu.

Kuna jambo moja la Tanganyika ambalo halisemwi vya kutosha mialoni. Ziwa lile lina kina cha karibu mita 1,470, na rutuba inayolisha vijimea, ambavyo hulisha viumbe wadogo wanaoliwa na dagaa, iko chini. Upepo wa kusini mashariki wa Mei hadi Septemba ndio unaolikoroga na kuipandisha. Maji ya juu yakipata joto, hukataa kuchanganyika na ya chini, na watafiti wamekwisha kuonyesha kwamba ongezeko la joto limepunguza uwezo wa ziwa kulisha samaki. Kufunga kunaweza kurudisha kilichoondolewa na nyavu, lakini kilichoondolewa na joto hakitarudi kwa njia hiyo. Kiongozi anayeahidi kwamba migebuka, samaki wa Tanganyika wanaowinda dagaa, watakuwa kama wa enzi za babu anajitafutia lawama.

Kwa wavuvi wa dagaa kuna toleo dogo la njia hii ambalo wanalijua tayari. Usiku wa mbalamwezi taa haivuti, kwa hiyo kila mwezi kuna siku kadhaa za kupumzika zisizohitaji sheria. Kuzirefusha siku hizo kwa siku chache mbele na nyuma ni rahisi kukubalika kuliko miezi mitatu mfululizo, na njaa yake ni ndogo. Faida yake pia ni ndogo. Ila ni mwanzo mzuri kwa mwalo ambao haujawahi kukubaliana juu ya lolote.

Kikomo cha ukubwa

Sheria maarufu ya sangara ni ya sentimita 50 mpaka 85, iliyokubaliwa na nchi tatu za Ziwa Victoria kupitia LVFO, taasisi yao ya uvuvi yenye makao Jinja. Chini ya 50 ni mtoto. Juu ya 85 ni mama mkubwa mwenye mayai ya mamilioni. Vipimo vya kisheria hubadilika na kila nchi ina kanuni zake, kwa hiyo kabla ya kuviandika kwenye sheria ndogo muulizeni afisa uvuvi wa wilaya kipi kinatumika leo.

Samaki. Hoja yake ni nyepesi: kila samaki apewe nafasi ya kuzaa angalau mara moja. Inawafaa wanaokua polepole na wenye thamani kubwa wakiwa wakubwa, yaani sangara na sato. Dagaa huwezi kumpima mmoja mmoja. Kwake kikomo huwekwa kwenye tundu la wavu. Na samaki anayedumaa hafai kabisa kuwekewa kikomo cha chini. Wenye malambo ya Kanda ya Ziwa na Dodoma wanalijua hili: perege wakijaa kwenye bwawa dogo huzaliana mpaka chakula hakitoshi, wakabaki wadogo kama kiganja miaka nenda rudi. Ukikataza kuvua wadogo pale, unawalinda wale wale wanaonyang'anyana chakula. Bwawa la namna hiyo linahitaji kuvuliwa zaidi.

Ulinzi. Ukitaka kupima samaki mmoja mmoja ufukweni, utachoka. Tena utakuwa umechelewa: sangara aliyekaa usiku kucha kwenye wavu hutoka amekufa, na kumrudisha majini hakumfufui. Kikomo cha ukubwa kina maana pale kinapowekwa mahali samaki anapochaguliwa kabla ya kufa, yaani kwenye tundu la wavu, ukubwa wa ndoano, na duka linalouza nyavu. Nyavu za timba huuzwa na watu, husafirishwa na magari, hupita barabarani. Ni rahisi kumshika msambazaji mmoja wa mjini kuliko kuwashika wavuvi mia usiku. Sijui kwa nini operesheni nyingi huanzia ziwani.

Hata hivyo operesheni za ziwani zimefanyika, na kwa nguvu. Uganda iliingiza jeshi mwaka 2017, Tanzania ikawa na Operesheni Sangara mwaka 2018. Nyavu zilichomwa kwa malundo. Samaki wakubwa walionekana tena viwandani. Malalamiko ya wavuvi waliopigwa au kupoteza mali yote nayo yalisikika mpaka bungeni. Mwalo unaoweza kujisimamia wenyewe hauna sababu ya kungoja zamu hiyo.

Gharama. Inaangukia kwa maskini wa vifaa. Wavu wa tundu kubwa na nyuzi nzuri una bei. Timba ni rahisi na huvua vizuri wiki zake chache kabla ya kuchanika. Mwambie mvuvi aache timba bila kumwonyesha namna ya kununua wavu halali kwa mkopo, na umemwambia aache uvuvi.

Inavujia wapi. Kuna matundu mawili, la chini na la juu. Chini, kiwanda kikikataa sangara wa sentimita 40, soko la ndani halimkatai; atakaangwa, atafukizwa moshi, au atatiwa chumvi awe kayabo na kusafiri mpaka Kongo. Kikomo cha kiwandani pekee hakiokoi mtoto wa sangara, kinambadilishia mnunuzi. Juu, kuna mabondo, vile vifuko vya hewa vilivyo tumboni mwa samaki. Bondo la sangara mkubwa lina soko Hong Kong na China, na bei yake hupanda kadiri bondo linavyokuwa kubwa. Kumwambia mvuvi amwachie mama wa kilo 40 wakati tumboni mwake mna kipande chenye thamani kuliko nyama yote iliyobaki ni kumtaka awe mtakatifu. Kama mwalo wenu unataka kuwalinda wazazi wakubwa, mnunuzi wa mabondo lazima awe kikaoni, na daftari lake likaguliwe.

Kutenga mazalia

Hapa uvuvi unaendelea kila siku, ila kuna mahali ambapo hakuna anayetia wavu: ghuba, mlango wa mto, ukingo wenye matete, mwamba. Hifadhi ya Kisiwa cha Rubondo hufanya kazi hiyo kwa upande wa Geita na Kagera, kwa kuwa maji yanayokizunguka kisiwa yamo ndani ya hifadhi ya taifa. Kule Mahale, kipande cha Ziwa Tanganyika kandokando ya ufukwe nacho ni sehemu ya hifadhi.

Samaki. Sato ndiye mwenye kesi iliyo wazi. Viota vyake viko pale pale kila msimu, kwenye mchanga, na kokoro moja ikipita imekwangua viota, mayai na watoto kwa mkupuo. Samaki wa miamba wa Tanganyika, wengi wao wasiopenda kuuacha mtaa wao, nao wananufaika. Sangara mkubwa huzurura, kwa hiyo ghuba ndogo haimfungi. Lakini watoto wake hukaa karibu na ufuko, na hao wananufaika. Dagaa wa maji ya katikati hawapati mengi hapa.

Ulinzi. Inategemea mahali mlipopachagua. Ghuba inayoonekana kutoka kwenye mlango wa mwenyekiti inalindwa bure. Kisiwa kisicho na watu, maili tano kutoka ufukweni, kinahitaji boti, mafuta na watu wa kulala huko. Nimeona ramani nzuri za mazalia zilizochorwa kwa vigezo vya wataalamu na kubandikwa ofisini, huku boya la kuonyesha mpaka likiwa limeibwa siku nyingi. Wazee wa mwalo wanajua sato wanakojenga. Waulizeni, kisha kati ya sehemu watakazotaja chagueni zile zinazoonekana.

Gharama. Anayevua karibu ndiye anayelipa: mzee mwenye mtumbwi wa kasia, kijana asiye na injini, watoto wa ndoano. Mwenye injini ya farasi 15 atavua kwingine. Kwa hiyo ukubwa wa eneo linalotengwa ni suala la haki. Anzeni na dogo, na walipwe kwa kitu wale mnaowafungia; hata kuwapa wao kazi ya ulinzi na sehemu ya faini ni malipo.

Inavujia wapi. Kwa wageni. Wavuvi wa kuhamahama, wanaofuata samaki kambi kwa kambi kama wenzao wa pwani wanaokwenda dago, hawakuwepo kikaoni na hawajui mpaka wenu. Sheria isiyo na namna ya kumpokea mgeni, kumwandikisha na kumwonyesha mahali palipotengwa siku anayofika, huishia kwenye ugomvi wa usiku.

Kupunguza mitumbwi na nyavu

Sensa za uvuvi za Ziwa Victoria, zinazofanywa na nchi tatu tangu mwaka 2000, zinaonyesha wavuvi wameongezeka kutoka karibu 130,000 mwaka ule hadi zaidi ya 200,000. Ukiangalia namba hizo unaelewa kwa nini kila sheria nyingine huelemewa. Samaki wanaweza kupumzishwa na kupimwa na kutengewa mahali, lakini mikono ikiendelea kuongezeka, fungu la kila mmoja litapungua tu.

Samaki. Njia hii haichagui; inawafaa wote, kwa sababu inapunguza shinikizo lenyewe.

Ulinzi. Kwenye ziwa dogo lenye njia chache za kuingilia ni rahisi: chombo kina namba, kisicho nayo hakishuki. Ziwa Naivasha la Kenya ndilo shule yetu. Ziwa lile lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 150, hupanuka na kusinyaa. Samaki walipoporomoka, uvuvi ulifungwa mwaka 2001, na ulipofunguliwa, boti zenye leseni zilikuwa chache kuliko mwanzo. Bwawa la Nyumba ya Mungu nalo limewahi kufungiwa kwa sababu za namna hiyo. Kwenye ziwa la kilomita za mraba 68,800 lenye mialo zaidi ya elfu moja, mwalo mmoja ukipunguza mitumbwi yake utakuwa umewaachia nafasi jirani.

Gharama. Ni nzito na haina mwisho kwa anayenyimwa leseni, na hapo ndipo undugu, siasa na bahasha huingia. Nani anabaki? Aliyeanza kwanza? Mwenye chombo kikubwa? Uganda ilipopiga marufuku vyombo vya chini ya futi 28 kwenye Ziwa Victoria, kigezo kilikuwa rahisi kupima, lakini waliotoka walikuwa wenye mitumbwi midogo, yaani wenye kipato kidogo. Mwalo unaweza kuchagua kigezo kingine, kwa mfano tajiri mmoja asizidishe vyombo kadhaa, au idadi ya nyavu kwa chombo badala ya idadi ya vyombo. Hili la pili nalipenda zaidi: linapunguza shinikizo bila kumfukuza mtu, ingawa kuhesabu nyavu ni kazi kuliko kuhesabu mitumbwi.

Inavujia wapi. Mtumbwi mmoja wa leo si mtumbwi mmoja wa juzi. Karabai zimepisha taa za sola, kasia limepisha injini, nyavu zimeunganishwa zikawa ndefu. Daftari litaonyesha mitumbwi ile ile 60 huku uwezo wa kuvua umeongezeka maradufu. Na ziwa lenyewe hubadilika: Naivasha ilipofunguliwa, haikupita miaka mingi kabla ya kapu, samaki mgeni, kuwa ndiye anayejaza nyavu. Leseni zilipangwa kwa samaki mmoja, akatawala mwingine.

Kiasi cha siku, mtindo wa Marekani

Kule Marekani kuna samaki mtamu wa maziwa na mabwawa aitwaye krapi, wa ukoo mmoja na yule samaki besi aliyeletwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920. Huvuliwa kwa ndoano, kwa starehe na kwa kitoweo, na sheria ya kawaida ni idadi kwa mtu kwa siku pamoja na urefu wa chini. Texas, kwa mfano, imeweka samaki 25 kwa siku na inchi 10, kama sentimita 25.

Samaki na ulinzi. Inamfaa samaki anayetolewa mmoja mmoja akiwa hai, na mvuvi anayeweza kusimamishwa na mlinzi mmoja akahesabiwa ndoo. Gharama yake ni ndogo kwa kuwa anayevua hatafuti ada ya shule. Inavujia mahali pa ajabu: wavuvi wengi hawafikii kikomo, kwa hiyo kikomo cha juu mara nyingi hakipunguzi lolote mpaka kishushwe sana.

Funzo lenyewe liko kwenye ziwa la Texas liitwalo Lake Fork. Majira ya baridi krapi hukaa kina kirefu, na akivutwa juu haraka bondo lake huvimba. Ukimrudisha kwa sababu ni mdogo, anakufa. Kwa hiyo kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari sheria pale hugeuzwa: hakuna kikomo cha urefu, na kila unayemvua unabaki naye mpaka utimize 25. Waliangalia samaki anavyokufa ndipo wakaandika kanuni. Kwetu, kiasi cha siku kinaweza kufaa watalii wa uvuvi wa mchezo, na ndoano za mboga wakati wa mfungo. Kwa mtumbwi wa dagaa, hapana.

Kwa hali yenu

Kama mwalo wenu ni wa dagaa kwenye maji wazi, anzeni na muda. Refusheni mapumziko ya mbalamwezi, kisha zungumzeni na mialo ya jirani kabla ya kufikiria miezi mitatu. Msifunge peke yenu. Na kabla ya kufunga, idadi ya taa kwa chombo iwe imekwisha kuandikwa, la sivyo siku ya kufungua itameza yote.

Kama mna ghuba yenye sato na ufuko wa mchanga, tengeni mazalia na mwondoe kokoro. Hamhitaji kuanza na zaidi ya hapo. Chagueni sehemu inayoonekana kutoka mwaloni.

Kama mnauza sangara kiwandani, fuateni ukubwa, lakini nguvu zenu ziende kwenye nyavu na kwa wanunuzi wa wadogo na wa mabondo. Mkipima samaki tu mtagombana na wavuvi na watoto wa sangara watakwisha vile vile.

Kama ni ziwa dogo au bwawa lenye njia mbili tatu za kuingilia, hesabuni vyombo na nyavu, na mfungo uwe wa kukubaliana mnapoona dalili. Kama samaki ni wengi ila wamedumaa, msiweke kikomo cha chini. Vueni wadogo, wauzwe au walishwe kuku.

Kama mko Tanganyika, muda umekwisha kuamuliwa juu yenu. Lililobaki mikononi mwa BMU ni kutenga miamba na milango ya mito karibu na kijiji, na kupanga mapema akiba ya kina mama na vibarua kwa miezi ile mitatu.

Kama hamna boti, hamna mafuta, na afisa uvuvi anakuja mara moja kwa robo mwaka, futeni kwenye orodha kila sheria isiyoonekana kutoka ufukweni. Huenda ikabaki moja tu. Pitisheni hiyo, iandikwe kwa maneno ambayo mvuvi mgeni ataelewa siku anayofika, na mkubaliane tarehe ya kuirudia kikaoni baada ya msimu mmoja, mkiwa na daftari la mzigo wa kila siku mezani.